Injini ya Mjerumani yenye kilomita nyingi inavuja oili: ikague hivi kabla hujaihukumu

Gereji yangu iko Dar es Salaam, na magari yanayoingia mengi ni ya Mjerumani: BMW, Mercedes, Volkswagen, Audi. Mengi yametoka Japani, machache Uingereza. Kwenye dashibodi yanasoma kilomita 100,000, 150,000, mengine yamevuka 200,000. Mwenye gari akishuka, mara nyingi huja na hukumu aliyokwisha kupewa kwingine: "Fundi, nimeambiwa injini imekwisha, inavuja oili kila mahali."

Nimeona injini nyingi zikitupwa bila sababu, na nimeona chache zikifa kweli kwa uvujaji uliodharauliwa. Naandika haya ili ujue kuzitofautisha. Uvujaji mwingi wa injini hizi ni uchakavu wa mpira na plastiki, wakati krenki, pistoni na silinda bado zina maisha marefu mbele. Kinachoiua injini ni oili kupungua bila mwenyewe kujua, oili iliyokaa hadi ikaganda, au tone linaloangukia mahali pabaya. Kwa hiyo kabla ya kugusa spana najiuliza mambo mawili: inatoka wapi, na inaangukia wapi.

Kwa nini zinavuja

Wajerumani walizifanya injini za miaka ya 2000 zifanye kazi kwenye joto kubwa ili zile petroli kidogo na kutoa moshi safi. BMW yenye thamostati ya umeme, ukiendesha taratibu, hupandisha joto la maji kwa makusudi hadi nyuzi 105 za Selsiasi au zaidi. Gasketi ya mpira ikikaa kwenye joto hilo mwaka hadi mwaka hukauka. Nikiitoa naikuta bapa, imechukua umbo la mfereji wake, na nikiikunja kwa vidole inakatika kwa mlio. Mpya ya aina hiyohiyo unaweza kuifunga fundo.

Halafu kuna hizi kilomita zenyewe. Gari la Japani linalosoma kilomita 80,000 linasifiwa yadi kuwa ni jipya kabisa. Lakini kama limezipata mjini, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 20 kwa saa, injini hiyo imeunguruma saa 4,000. Gari lililokuwa likipita barabara kuu za Ulaya kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa lingekuwa na kilomita 320,000 kwa saa hizohizo. Sikatazi kununua gari la Japani, mimi mwenyewe napenda mabodi yake yasiyo na kutu. Ninachosema ni kwamba usiisome dashibodi peke yake. Soma na mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

La tatu ni ratiba ya oili. Volkswagen Ulaya walikuwa na mpango wa kubadilisha oili kila kilomita 30,000 au miaka miwili. Mpango huo ulilenga barabara za kule na oili ya daraja maalumu. Kwa foleni ya Barabara ya Mandela, jua na vumbi letu, mimi nasema kilomita 7,000 au 8,000, na usizidishe mwaka hata kama gari halitembei.

Ukienda kulikagua kabla ya kununua

Mwambie muuzaji mapema asiwashe injini, nawe uende asubuhi. Ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina joto, omba kurudi siku nyingine. Injini ya baridi haifichi kitu: cheni iliyolegea itapiga kelele sekunde za mwanzo, na moshi wa asubuhi utauona kwa macho.

Injini inayong'aa hunitia shaka. Gari la kilomita 170,000 likiwa limeoshwa chini likawa kavu kabisa naliogopa kuliko lenye jasho la oili lililoshikana na vumbi. Vumbi lile ni ushahidi. Linakuonyesha oili ilianzia wapi, ilipita wapi, na kama ni ya juzi au ya miaka mingi. Ukikuta imeoshwa, liendeshe nusu saa, kisha tazama tena.

Omba kava la plastiki la chini ya injini lifunguliwe. Ni skrubu chache tu. Kava hilo hukinga oili yote, ndiyo maana sakafu ya yadi yaweza kuwa kavu huku juu ya kava kuna dimbwi. Kama lina sponji, ikamue.

Fungua kifuniko cha kujazia oili, umulike ndani kwa tochi. Chuma chenye rangi ya kahawia nyepesi ni sawa. Ukiona tope jeusi limeganda, mwenye gari wa kwanza hakubadilisha oili kwa wakati. Ute mweupe kidogo chini ya kifuniko kwa gari la safari fupi ni unyevu tu, lakini ukiuona pia kwenye oili yenyewe, au maji ya rejeta yana oili, ondoka.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni filta. BMW na Mercedes nyingi za miaka hii zina filta ya karatasi iliyowekwa wima, kifuniko chake kiko juu, na huna haja ya kumwaga oili ili kuifungua. Mwambie muuzaji utanunua filta mpya kwa pesa yako. Itoe ile ya zamani, ipeleke juani, uikunjue mkunjo mmoja mmoja. Ukiona chembe za chuma zinazometameta, au vipande vya plastiki ngumu, basi ndani kuna kitu kinaliwa. Plastiki mara nyingi ni reli zinazoongoza cheni ya taimingi. Filta safi yenye oili nyeusi ya kawaida hunipa imani kuliko karatasi yoyote ya huduma.

BMW za silinda sita zenye injini ya N52, kwa mfano 325i ya bodi ya E90, hazina dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Kiwango cha oili kinasomwa kwenye dashibodi kwa kitufe cha mkono wa indiketa, injini ikiwa ya moto. Wengi hawajui, wanaendesha miaka bila kuangalia. Kama dashibodi inaonyesha vistari badala ya kiwango, sensa imekufa, na hapo hakuna ajuaye ndani mna oili kiasi gani. Injini hiyo inabeba lita 6.5. Inaweza kupoteza lita mbili ukiwa hujasikia lolote.

Namna ya kukitafuta chanzo

Alikuja mama mmoja, mwalimu, na 325i. Alishaambiwa anunue injini nyingine nzima kutoka Japani. "Fundi, niambie ukweli tu. Kama ni la kuuza, niliuze." Nikamjibu, "Mama, niachie mpaka kesho. Siwezi kuhukumu injini ambayo sijaiona ngozi yake."

Chini pote palikuwa pamelowa: sampu (bakuli la oili la chini ya injini), mikono ya mbele, hadi mkia wa gia boksi. Nilichofanya ndicho nitakachokueleza ukifanye au umwagize fundi wako akifanye.

Kwanza safisha. Tumia dawa ya kusafishia breki, mswaki mgumu na upepo wa kompresa. Usipige maji ya presha kwenye injini hizi, koili na vichwa vya waya havitakusamehe. Acha ikauke. Kisha chukua poda ya watoto, uipulize kidogo kwenye maeneo unayoyashuku mpaka chuma kiwe cheupe. Ziba tundu la hewa ya injini wakati unapuliza, usiiache poda iingie. Endesha kilomita 15 au 20, zikiwemo za mlima au kukanyaga mafuta kidogo, urudi ulinyanyue gari kwenye stendi za uhakika. Jeki peke yake haitoshi mtu kulala chini.

Sasa tochi. Kwenye poda nyeupe oili huchora mstari wa kahawia usioweza kuukosea. Ufuate kwa kupanda juu. Oili inateremka, na upepo wa mwendo unaisukuma nyuma, kwa hiyo mkosaji ni yule aliye juu zaidi na mbele zaidi. Vyote vilivyo chini yake ni waathirika.

Kwa yule mama, mstari ulianzia chini ya hauzingi ya filta ya oili, yaani nyumba inayokaa filta, pale inapofungwa kwenye injini, upande wa mbele kushoto. Ukateremka kwenye alteneta, ukafika kwenye feni belti, na belti ikawa inarusha oili kila upande. Injini nzima ilikuwa imelowa kwa gasketi moja ya mpira inayoenea kwenye kiganja. Gari lile halikuhitaji injini.

Ikiwa uvujaji ni mdogo, poda haitoshi. Weka rangi maalumu ya kung'aa kwenye oili, uendeshe siku kadhaa, kisha mulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau gizani. Na kabla ya yote, hakikisha hiyo ni oili ya injini. Futa tone kwa karatasi nyeupe. Ya injini ni kahawia hadi nyeusi, inanuka kuungua. Ya gia boksi ya otomatiki mara nyingi huwa nyekundu, na ikizeeka hubadilika ikawa kahawia, hapo ndipo watu hukosea. Gia boksi za ZF za spidi sita, zilizofungwa kwenye BMW nyingi, zina sampu ya plastiki na kishikizo cha waya chenye sili, yaani mipira ya kuzuia oili isitoke. Vyote viwili huvuja, na mtu akiona tone katikati ya gari anasema ni sili ya nyuma ya krenki. Anashusha gia boksi bure.

Anza na mvuke, sili baadaye

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila injini hupitisha gesi kidogo kutoka juu ya pistoni hadi kwenye sampu. Gesi hiyo inatolewa na mfumo ambao mafundi tunauita briza: mabomba, chujio la kutenganisha oili na mvuke, na kiwambo cha mpira kinachodhibiti mvuto. Kiwambo kikipasuka, injini hujivuta ndani kupita kiasi. Bomba likiziba, injini hujaa presha. Kwa vyovyote sili ndizo zinazoumia. Ukifunga sili mpya kwenye injini yenye briza mbovu, baada ya muda mfupi utarudi palepale, na utasema spea ilikuwa feki.

Kipimo ni rahisi. Washa injini, iache silensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, ifungue kidogo kofia ya kujazia oili. Kuvuta kidogo ni kawaida, na mngurumo kubadilika kidogo ni kawaida. Kofia ikiwa imeng'ang'ania kiasi cha kuhitaji nguvu, au unasikia mluzi unaokatika pale unapoifungua, kiwambo kimepasuka. Kama badala ya kuvuta inapuliza moshi usoni, ama briza imeziba ama ringi za pistoni, zile zinazoziba kati ya pistoni na silinda, zimechoka. Safisha au badilisha briza kwanza, upime tena, ndipo uzungumzie ringi.

Kwenye injini za Volkswagen na Audi aina ya EA888, zile za TSI na TFSI za lita 1.8 na 2.0, ugonjwa huu ni maarufu. Mluzi unasikika gari likiwa limesimama, ukichomoa dipstiki mluzi unakoma. Ukiendelea kuliendesha hivyo, mvuto huo unaikunja sili ya nyuma ya krenki mpaka inapasuka, na hapo lazima gia boksi ishuke. Kifaa cha briza kiko juu ya injini, kinafungwa kwa bolti chache. Sili ya nyuma ni kazi ya siku nzima au zaidi.

BMW: tazama hapa

Nimeshataja hauzingi ya filta. Kwenye silinda sita za N52, N54 na N55 usiichukulie kama jasho la kawaida, hata ikivuja kidogo. Oili inaloweka feni belti, belti inavimba na kuchomoka, na mara nyingine hujisokota nyuma ya puli ya krenki ikalazimisha nyuzi zake kupenya sili ya mbele hadi ndani ya injini. Vipande vya mpira vikifika kwenye chujio la pampu ya oili, injini inakosa oili na kufa. Hii ndiyo maana ya kuuliza tone linaangukia wapi. Ukibadilisha gasketi hii, badilisha na belti iliyolowa. Usiifute ukairudisha.

Tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, ni ya pili. Dalili yake ni harufu ya oili kuungua inayoingia ndani ukisimama kwenye taa, kwa sababu oili inadondokea kwenye ekzosi. Chomoa koili pia. Ukikuta oili kwenye visima vya plagi, koili zitaharibika na injini itaanza kumisi. Usibadilishe gasketi kubwa ya pembeni peke yake. Zipo ndogo za visima vya plagi, ya mota ya valvu na ya sensa yake. Ukiacha moja ya zamani utafungua tena. Tapeti kava za plastiki zenyewe hupasuka, zikague kwa mwanga kabla ya kurudisha.

Silinda nne za N42 na N46, zile za 318i na 320i, zina mambo mawili zaidi. Pampu ya vakyumu nyuma ya silinda hedi huvuja na kuteremka kwenye gia boksi, watu wakaidhania ni sili ya krenki. Na sili za valvu hukauka. Hilo utalijua hivi: acha gari silensa dakika kumi, kisha kanyaga mafuta. Wingu la moshi wa buluu likitoka kisha likakoma, ni sili za valvu. Zinabadilika bila kushusha hedi kwa fundi mwenye vifaa. Moshi ukitoka muda wote unapokanyaga mafuta barabarani, elekeza macho kwenye ringi.

Gasketi ya sampu iache mwisho. Kwenye N52 inabidi kuteremsha fremu ya mbele. Nyingi ninazoletewa kwa ajili ya sampu hazivuji sampu kabisa.

Mercedes na ile oili inayopanda kwenye waya

C180 na C200 Kompressor za bodi ya W203 na W204 nyingi zina injini ya M271. Mbele ya hedi kuna sumaku mbili zinazoongoza kamshafti, shafti zinazofungua valvu. Zikichoka, oili inapenya ndani ya sumaku, inaingia kwenye kichwa cha waya, kisha inasafiri ndani ya waya wenyewe, kati ya nyuzi za shaba na ganda lake. Inaweza kufika kwenye sensa za ekzosi na hata kwenye kompyuta ya injini. Nje hakuna tone. Kila ukikagua Mercedes hii, chomoa kile kichwa cha waya cha sumaku ufute ndani kwa pamba. Pamba ikitoka na oili, badilisha sumaku, kisha fungua kichwa cha waya cha kompyuta utazame kama imefika. Viko vipande vifupi vya waya vinavyofungwa katikati ili viikinge oili isiendelee. Havina gharama kubwa, na mimi huwafungia wateja hata kama sumaku ni mpya.

Injini hiyohiyo ina cheni nyembamba inayorefuka, na meno ya gia za kamshafti hulika. Kelele ya kukwaruza asubuhi kwa sekunde chache, pamoja na kodi ya hitilafu P0016 kwenye mashine ya kupimia, ni onyo la kweli. Usisubiri. Cheni ikiruka, valvu zinapiga pistoni.

Kwa V6 ya M272, tazama nyuma ya hedi: kuna vifuniko vya duara vya plastiki na kifuniko cha kutenganisha oili. Vikivuja oili huteremka kwenye gia boksi, na tena sili ya krenki ndiyo inasingiziwa. Vifuniko hivyo hubadilishwa bila kushusha chochote kikubwa. Zile za mwanzo zina tatizo zito zaidi la gia ya shafti ya kusawazisha kulika. Kabla hujalipa pesa, mpe fundi namba ya injini aitazame kama iko kwenye kundi hilo.

Volkswagen na Audi

EA888 za takriban 2008 hadi 2011 zinajulikana kwa kula oili bila kuvuja, kwa sababu ya ringi nyembamba na matundu madogo ya pistoni yanayoziba. Kitabu cha Volkswagen kinaruhusu hadi nusu lita kwa kilomita 1,000. Kwa mimi, gari linalofika hapo tayari ni mgonjwa. Pima hivi: jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, endesha 1,000, pima oili unayoongeza. Namba hiyo ndiyo utakayoijadili na muuzaji au fundi, kuliko kusema "inakula kidogo." Injini hizi pia zilikuwa na tensiona (kikaza) ya cheni ya zamani iliyokuja kuboreshwa na kiwanda. Hakikisha imeshabadilishwa.

Wakati wa kufunga

Bolti zinazoingia kwenye bloku ya N52 ni za alumini, kwa sababu bloku hiyo ina magnesiamu. Hazirudiwi. Fundi akikuwekea za chuma cha kawaida, chuma na magnesiamu vikikutana na unyevu wa pwani vinaliana. Chukua sumaku ndogo uziguse kabla hazijafungwa. Ikinata, zirudishe dukani.

Sehemu za kukalia gasketi zisafishwe kwa kikwaruzi cha plastiki. Kisu kinaacha mkwaruzo, na mkwaruzo ni mfereji mpya wa oili. Silikoni inawekwa tone dogo tu pale vyuma viwili vinapokutana, kama pembe za kava ya taimingi. Nimeshafungua sampu nikakuta minyoo ya silikoni kwenye chujio la pampu. Kila iliyobanwa ndani ilikuwa imetafuta njia ya kwenda huko. Tumia spana ya kupimia nguvu. Kifuniko cha filta kwenye BMW na Mercedes kimeandikwa juu yake 25 Nm, na orini yake mpya, ule mpira wa duara, huja na filta. Plastiki hiyo ikikazwa kwa nguvu za bega hupasuka.

Gasketi nunua za Elring, Victor Reinz au za kiwanda. Gerezani pale Kariakoo utazipata, ila peleka namba ya chesisi ili upate inayolingana, na uibonye kwa kucha: mpira mzuri unarudi.

Na oili. Utashauriwa uweke nzito, 20W-50, "ili isivuje." Itavuja polepole kidogo kwa muda, kisha vifaa vinavyosukumwa na oili, yaani vya kubadilisha taimingi na tensiona ya cheni, vitaanza kuchelewa. Kwa BMW za petroli za miaka hii weka yenye idhini ya Longlife-01, kwa Mercedes MB 229.5, kwa Volkswagen VW 502 00. Katika joto letu 5W-40 yenye idhini hiyo inatosha kabisa. Idhini isomwe nyuma ya galoni, maneno ya mbele ni matangazo. Dawa za kuzuia kuvuja hulainisha mpira kwa muda. Kwa gari unaloliuza kesho sizitaki kwa sababu unamdanganya mwenzako, na kwa gari lako hazitaponya mpira uliokatika.

Lipi uliache

Mimi nitakwambia usinunue ukikuta vipande vya plastiki au chuma kwenye filta, moshi wa buluu mfululizo barabarani, presha inayopuliza hata baada ya briza mpya, au silinda moja yenye kompresheni (presha ya kubana hewa) ya chini sana kuliko wenzake. Tofauti kati ya silinda hunitisha kuliko namba yenyewe. Tapeti kava, hauzingi ya filta, sumaku, vakyumu, briza: hivyo vyote hesabu gharama yake, ipunguze kwenye bei, ulichukue.

Ukishatengeneza, acha kava la chini likiwa limefunguliwa kwa kilomita 200 za mwanzo kama barabara zako ni za lami. Kagua tena kwa tochi, injini ikiwa ya moto. Weka alama ya chaki pale palipokuwa panavuja. Baada ya kilomita 1,000 soma kiwango cha oili, andika kwenye daftari la gari pamoja na tarehe, kisha rudisha kava. Kama chaki bado ni nyeupe na kiwango hakijashuka, kagua tena utakapobadilisha oili.